Kamera sita za kukunja kutoka Japani: shajara ya mradi, Dar es Salaam

Februari 8. Zilizofika

Kamera sita ziko mezani, zote za filamu ya 120 (filamu pana inayoviringishwa pamoja na karatasi yake): Mamiya Six mbili, Konishiroku Pearl II, Super Fujica Six, Olympus Chrome Six na Semi Minolta ya kabla ya vita. Wajapani huziita *supuringu kamera*, kwa sababu springi ndiyo inayousukuma mlango na kuisimamisha lenzi mara kitufe kinapobonyezwa. Neno "Semi" ni nusu ya fremu ya sentimita 6×9, yaani 4.5×6, picha 16 kwa filamu moja. "Six" ni 6×6, picha 12.

Ukitaka kuzipanga kwa umri: Semi Minolta zilianza 1934, Mamiya Six ya kwanza ilitoka 1940, Chrome Six 1948, Pearl ya kwanza ya baada ya vita 1949, Super Fujica Six 1955. Pearl IV ya 1958 ndiyo ya mwisho katika ukoo wake. Yenye maandishi "Made in Occupied Japan" ni ya kati ya 1947 na 1952, na hiyo ni njia ya haraka ya kukadiria umri wa mwili usiojulikana.

Shabaha ya mradi ni mbili. Kila kamera itoe negativu kali kona hadi kona lenzi ikiwa wazi kabisa, kisha ivuke masika ya Dar bila kuota fangasi. Kamera ya kupamba rafu hatuihesabu kuwa imekamilika.

Tuseme mapema jambo ambalo kazi yote itazunguka juu yake. Kamera ya kawaida lenzi yake imefungwa mahali pamoja tangu kiwandani. Hii hukunjwa na kufunguliwa, na kila ikifunguliwa lenzi inatakiwa irudi pale pale. Lenzi zote sita ni za milimita 75. Tukikubali kwamba nukta iliyopanuka hadi milimita 0.05 kwenye negativu bado inaonekana kama nukta, basi kwa f/3.5 (tundu la lenzi likiwa wazi kabisa; namba ya f ikipanda, tundu hupungua) filamu inaruhusiwa kukosea milimita 0.175 tu mbele au nyuma. Hiyo haifiki unene wa karatasi mbili za A4. Kwa f/8 nafasi hiyo inakuwa 0.4, kwa f/16 inafika 0.8. Ndiyo maana picha za mfano alizopiga muuzaji kwa f/11 mchana kweupe hazithibitishi chochote kuhusu kamera ya kukunja.

Februari 10. Maneno ya wauzaji

Kabla hatujafungua skrubu hata moja, haya ni kwa anayetaka kuagiza. Matangazo mengi ya Kijapani hutafsiriwa na mashine, na tafsiri huharibu kile hasa unachohitaji kujua. Jifunze maneno yenyewe. *Kabi* ni fangasi. *Kumori* ni ukungu ndani ya lenzi, na mara nyingi ni mbaya kuliko fangasi kwa sababu huenda kioo chenyewe au gundi yake ndivyo vimeharibika. *Kizu* ni mkwaruzo. *Jabara* ni mvukuto, kile kitambaa cha mikunjo kati ya mwili na lenzi. *Janku* ni kamera inayouzwa ilivyo, bila dhamana.

Omba picha nne: lenzi ikimulikwa tochi kutoka nyuma shata (kifungio cha mwanga) ikiwa wazi kwenye B, yaani spidi inayoiacha wazi, mvukuto umefunguliwa ukimulikwa kwa ndani, mgongo wa kamera ukiwa wazi, na kwa Mamiya Six, bamba la kubana filamu likiwa mkononi, namba yake ikionekana. Ya nne ndiyo ya maana kuliko zote, na sababu yake itaonekana chini. Katika hesabu ya gharama ongeza VAT ya asilimia 18 na usafirishaji. Kamera ya bei rahisi isiyo na bamba huishia kuwa ghali kuliko nzima.

Februari 15. Ukaguzi

Utaratibu ni ule ule kwa kila kamera, na unafanywa kabla ya kusafisha chochote.

Kwanza mikono ya chuma inayobeba lenzi. Shika kibao cha lenzi kwa vidole viwili na ukisukume taratibu juu, chini na pembeni. Kisha kalipa: pima kutoka ukingo wa shata hadi uso wa mwili sehemu nne, uandike. Pili mvukuto: chumba cha giza, tochi ndogo ya LED ndani, zungusha polepole. Subiri dakika tano macho yazoee giza, la sivyo matundu madogo hayaonekani. Tatu lenzi, kwa tochi kutoka nyuma na kutoka pembeni. Nne shata, spidi zote, kuanzia sekunde 1. Usiguse kabisa wenzo wa kujipiga mwenyewe. Kwenye shata za umri huu hukwama katikati na kuifunga shata nzima.

Matokeo:

Mamiya Six ya kwanza (tuiite A): lenzi ya Zuiko safi, shata nzuri, bamba halipo. Mamiya Six B: bamba lipo na namba yake inalingana na mwili, lakini lenzi ina kumori na spidi za chini zimekwama. Pearl II: lenzi ya Hexar f/3.5 safi kabisa, mvukuto una matundu kwenye kona tatu. Super Fujica Six: kila kitu kinafanya kazi, ila doa la kipima umbali (ile picha ndogo ya pili ndani ya kitazamio) limefifia, na ringi ikiwekwa kwenye alama ya mbali kabisa lenzi haifokasi mbali. Chrome Six: fangasi kwenye kioo cha nyuma, na kalipa inaonyesha juu na chini zinatofautiana kwa milimita 0.4. Semi Minolta: ringi ya fokasi imeganda, mvukuto umekuwa mgumu kama kadibodi na unapasuka kwenye kila mkunjo.

Februari 22. Grisi iliyoganda, na kosa la hesi

Semi Minolta hufokasi kwa kuzungusha kioo cha mbele peke yake. Grisi ya zamani hukauka ikawa kama nta ya kijani, na mtu akitumia nguvu ndipo anapopinda shata. Tone moja la petroli ya viberiti vya chuma kwenye ukingo wa hesi (nyuzi za skrubu ambamo kioo huzunguka), subiri dakika kumi, rudia mara tatu au nne, kisha zungusha kwa mkono uliovaa glavu ya mpira. Usitumie petroli ya pampu wala mafuta ya taa: vyote viwili huacha utando wa mafuta unaotembea hadi kwenye majani ya shata.

Hapa ndipo wengi hupotea. Hesi ya kioo cha mbele ina mianzo kadhaa, si mmoja. Kioo kikitoka, kinaweza kurudi kwa kuanzia mwanzo usio wake, kikaingia vizuri, kikazunguka vizuri, na fokasi yote ikawa ya uongo. Kwa hiyo kabla ya kuzungusha piga mistari miwili ya penseli nyeupe, mmoja kwenye ringi na mmoja kwenye shata. Kisha fungua polepole na upige alama nyingine pale pale hesi inapoachia. Wakati wa kurudisha, anza kwenye alama ya pili. Yetu iliachia ghafla kabla alama ya pili haijapigwa, na imebidi kujaribu mwanzo mmoja baada ya mwingine, kila mara kwa kioo cha kusaga (tazama Machi 1), hadi ukapatikana ule ambao alama ya mbali inaangukia karibu na pale ilipoandikwa. Saa nne zimekwenda kwa mstari mmoja wa penseli.

Grisi mpya: kidogo mno, nzito, inayotumika kwenye vifaa vya macho. Grisi ya magari huyeyuka na kutiririka kwa joto la Dar.

Machi 1. Kioo cha kusaga

Kifaa muhimu kuliko vyote katika mradi huu kimetengenezwa kwa kipande cha kioo cha fremu ya picha, milimita 2, kilichokatwa 60 × 90. Upande mmoja husagwa kwa unga wa kusagia valvu, ule wa gereji, pamoja na maji, juu ya kioo kingine, dakika kumi hadi kumi na tano kwa mwendo wa nane, mpaka usiwe na sehemu inayong'aa. Osha, kausha.

Kioo hukaa mahali pa filamu, upande uliosagwa ukiitazama lenzi. Angalia reli vizuri. Kamera nyingi zina jozi mbili: za ndani ndizo zinazobeba filamu, za nje hubeba bamba na ziko juu zaidi kwa kiasi cha unene wa filamu na karatasi yake. Kioo kikilala kwenye reli za nje utairekebisha kamera kwa uangalifu mkubwa mahali ambapo filamu haitakaa kamwe. Upana wa 60 ni kwa sababu hiyo: kiingie katikati ya reli za nje.

Shata kwenye B, kebo imefungwa, lenzi wazi kabisa, kuza kwa lenzi ya fundi saa. Kitu cha kutazama kiwe kilomita moja au zaidi: kutoka juu ya paa, minara ya simu na kreni za bandarini zinatosha, asubuhi kabla hewa haijaanza kucheza kwa joto. Kwa kilomita moja lenzi ya 75 iko milimita 0.006 tu kutoka mbali kamili, kwa hiyo hakuna kosa la kuhesabika. Linganisha na mita 10, ambapo lenzi inatakiwa isogee mbele milimita 0.57. Yaani kamera iliyokosewa kwa nusu milimita itakuwa inapiga mita kumi huku mpigaji akidhani ameiweka mbali.

Fujica ilikuwa hivyo. Tumelegeza skrubu ndogo za ringi, ringi ikarudishwa kwenye alama, zikakazwa. Baada ya hapo ndipo kipima umbali kikarekebishwa kifuate lenzi. Utaratibu huo haugeuzwi: lenzi kwanza kwa kioo, kipima umbali baadaye. Ukianza na kipima umbali utakuwa umeifundisha lenzi kufuata kosa. Doa lililofifia lilisababishwa na vumbi kwa sehemu, na limepulizwa kwa pampu ya mpira tu. Kioo kile cha nusu fedha hakifutwi kwa pamba. Fedha hutoka na pamba, na mara moja inatosha.

Machi 8. Chrome Six: mkono uliopinda

Tofauti ya 0.4 juu ya kipenyo cha shata cha milimita 40 ni mwinamo wa 1 kwa 100. Kutoka katikati ya fremu hadi ukingo ni milimita 28, kwa hiyo ukingo wa juu uko nje kwa 0.28 upande mmoja na wa chini kwa 0.28 upande wa pili. Kwa f/3.5 hiyo imevuka 0.175 na kingo zote mbili zitakuwa laini. Kwa f/8 inajificha. Mwenye kamera hii angeweza kuitumia miaka ishirini juani bila kujua.

Sababu imepatikana: mkono wa kushoto umepinda karibu na pini ya juu, pengine mlango uligongwa ukiwa wazi. Umenyooshwa kwa koleo lililofungwa ngozi mdomoni, kidogo kidogo, kalipa kila baada ya mguso. Usijaribu kuumaliza kwa mguso mmoja, chuma hiki hakipendi kurudi mara nyingi. Sasa tofauti ni 0.1. Tumeiacha hapo, maana ukingo unakosea 0.07 tu.

Machi 15. Shata ya Mamiya B

Shata hii ni Seikosha, jina la karakana ileile iliyotengeneza saa za Seiko, na fundi saa yeyote wa Kariakoo akiifungua shata hii atakuta vitu anavyovijua: gurudumu la meno, nanga inayochezacheza, springi nyembamba. Bisibisi zake pia ndizo zinazofaa. Bisibisi za seti ya simu huwa na ncha laini mno, na mpasuo wa skrubu ukishaliwa hakuna mbadala wa kununua.

Shata hii inatetemeka na kusimama chini ya 1/10. Njia ya haraka inayopendwa, kuloweka shata nzima kwa petroli, tumeikataa. Uchafu hauondoki, unahama. Hukaukia kwenye majani na kwenye uso wa ndani wa kioo. Badala yake: ondoa kioo cha mbele, legeza skrubu ndogo inayozuia ringi ya juu, inua ringi ya spidi huku ukipiga picha kila hatua kwa simu. Kisanduku cha spidi za chini kinashikwa na skrubu mbili. Kitoe, kiloweke dakika kumi kwenye petroli ya viberiti, kikaushe, kijaribu kwa kidole: nanga icheze kwa sauti moja mpaka mwisho. Mafuta ya saa kwenye egemeo tu, kwa ncha ya sindano, kiasi kisichoonekana kwa macho. Majani ya shata hayapewi mafuta kabisa. Tone dogo la mafuta linatosha kuyagandisha kwa kuyanatisha.

Kupima bila kifaa maalumu: simu inayorekodi fremu 240 kwa sekunde ina kipande kimoja kila milisekunde 4.2. Kwa 1/25 utahesabu fremu karibu 10, na hilo ni jibu la kuaminika. Kwa 1/100 ni fremu mbili na nusu, na hapo simu imefika mwisho wake. Juu ya hapo tunatumia kihisi cha mwanga kilichounganishwa kwenye tundu la maikrofoni la kompyuta na kusoma mawimbi. Matokeo ya B: sekunde 1 hadi 1/100 ziko ndani ya theluthi ya stopu (stopu moja ni mwanga kuongezeka maradufu au kupungua nusu). 1/500 inatoa karibu 1/300. Hatuigusi. Springi ya ziada ya spidi hiyo imechoka kama ilivyo kwenye nyingi za umri wake, na kwa filamu ya negativu tofauti hiyo haina madhara. Kumbuka tu kuichagua 1/500 kabla ya kukoki. Ukiizungusha baada ya kukoki unaisukuma springi hiyo kwa nguvu isiyo yake.

Kumori: imetoka. Ilikuwa mvuke wa grisi uliotua kwenye nyuso mbili zinazozunguka majani, imefutika kwa spiriti safi na karatasi ya lenzi. Ilikuwa bahati. Lenzi za Zuiko za miaka hiyo tunazikagua mara mbili, kwa kuwa ukungu wa pale ukishakula uso wa kioo, hakuna cha kufuta.

Machi 29. Fangasi, na mvua imeanza

Haigromita ya chumbani leo ni asilimia 84. Fangasi huhitaji zaidi ya 65 au 70 kwa siku kadhaa, giza, na chakula kidogo: vumbi, grisi, ngozi. Kamera ya kukunja iliyofungwa ni giza lenye ngozi na kitambaa. Kwa Dar huo ndio ugonjwa mkuu, na ni wa lazima kuukabili kabla ya kununua kamera ya pili.

Dawa ya kioo: hidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ya duka la dawa na amonia ya usafi, sawa kwa sawa, zichanganywe wakati ule ule na kwa kiasi cha kijiko. Fanya karibu na dirisha. Amonia isikutane kamwe na Jik. Mvuke wa mchanganyiko huo ni sumu. Kioo kikiwa kimetolewa kwenye chuma, pamba iliyoloa ilazwe juu yake dakika tano bila kusugua, kisha kisuuzwe kwa maji ya betri, yale yaliyokenekwa (distilled). Soma chupa, kwa sababu asidi ya betri huuzwa kwenye chupa zinazofanana. Kausha kwa kupuliza. Utando wa rangi ya zambarau kwenye lenzi za baada ya vita ni laini, na kusugua kunauondoa kabla ya fangasi.

Chrome Six imesafika ila nyuzi mbili ndogo zimeacha alama. Pale asidi ya fangasi imeshakula kioo. Alama hizo haziongezeki wala hazionekani kwenye picha, isipokuwa jua likiingia moja kwa moja, picha itapauka kidogo.

Hifadhi: sanduku la plastiki la lita 20 lenye mpira kwenye kifuniko, gramu 500 za silika jeli ndani ya soksi mbili za pamba, haigromita ndogo. Lengo ni asilimia 45 hadi 50. Usishuke chini ya 40, mvukuto na ngozi zitapasuka. Silika ya rangi ya chungwa ikigeuka kijani, ikaushwe kwenye oveni nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili. Wakati wa masika hiyo ni kila baada ya siku 12 au 14, kutegemea sanduku linafunguliwa mara ngapi. Mikoba ya ngozi iliyokuja na kamera isiingie humo. Mikoba ndiyo mashamba ya fangasi. Ihifadhiwe peke yake, mahali penye upepo.

Aprili 12. Mivukuto miwili, njia mbili

Pearl II ilikuwa na matundu matatu tu, yote kwenye ncha za kona, ambapo kitambaa hukunjwa pande mbili kwa wakati mmoja. Rangi nyeusi ya kitambaa imechanganywa na gundi nyeupe ya mbao, 2 kwa 1, ikapakwa kwa kijiti cha meno kwa nje. Matabaka matatu membamba, kila moja saa sita, mvukuto ukiwa wazi wote. Baada ya kukauka, poda kidogo ya mtoto ikapakwa ili mikunjo isigandane kwenye joto, ikapulizwa yote kabla ya kufunga. Tabaka moja nene lingepasuka mara ya kwanza kamera inapokunjwa.

Semi Minolta haikuwa na cha kuziba. Mvukuto mpya ulikatwa kwa kufuata ule wa zamani uliofunuliwa na kulazwa bapa: kitambaa chembamba cheusi nje, pamba nyeusi ndani, na katikati vipande vya kadi vinavyoupa mikunjo yake. Mikunjo 11. Wa kwanza haukufaa, na sababu yake ilikuwa hesabu ambayo ingefanywa kabla ya mkasi. Kitambaa 0.15, kadi 0.25, pamba 0.15: ukuta wa milimita 0.55. Mikunjo 11 ni kuta 22, yaani milimita 12.1 ukishakunjwa. Nafasi ndani ya mwili ni 9. Mlango ulifungika kwa kubanwa, na kubana huko kungeisukuma mikono ya chuma mpaka ikapinda kama ya Chrome Six.

Wa pili: taffeta ya bitana ya 0.1 nje na ndani, kadi ya 0.15, gundi ya kupulizia iliyo nyepesi. Ukuta 0.37, jumla 8.1. Kadi zimeachwa milimita 1.5 kutoka kila kona na milimita 1 kati ya kadi na kadi. Hakuna kilichoshonwa na fundi cherehani; kuna mshono mmoja tu wa gundi, upande wa chini, ambako mwanga wa jua haufiki kirahisi. Umekunjwa ukiwa bado na unyevu wa gundi na kulazwa chini ya kitabu kizito usiku kucha. Tochi haionyeshi kitu.

Aprili 26. Bamba la Mamiya A

Mamiya Six haifokasi kwa kusogeza lenzi. Gurudumu la mgongoni husogeza filamu yenyewe mbele na nyuma, karibu milimita 6 kutoka mbali hadi mita 1. Ni wazo zuri sana: lenzi imesimama imara na mpangilio wa vioo vyake haubadiliki. Gharama yake ni bamba. Bamba huvutwa nje ili kupakia filamu, kisha hurudishwa kwa kuteleza nyuma yake. Linatoka, kwa hiyo linapotea. Na kila bamba lililinganishwa na mwili wake, ndiyo maana lina namba.

Swali lilikuwa kama bamba la B lingefaa ndani ya A. Kioo cha kusaga hakiwezi kujibu, kwa kuwa kinakaa kwenye reli na hakijui bamba linaisukumaje filamu. Filamu pekee ndiyo inayojibu.

Mei 10. Filamu za majaribio

Shabaha ni ukuta wa matofali ya saruji usiopigwa lipu, umbali wa mita 3 uliopimwa kwa futi kamba, kamera kwenye miguu mitatu. Kwa 6×6 ukuta unaoonekana ni upana wa mita 2.2, matofali karibu matano, na chembe za mchanga kwenye kona nne husema kila kitu. Fremu mbili kwa f/3.5, moja kwa f/8, mbili kwa mbali.

Mambo mawili wakati wa kupiga. Fungua mlango taratibu, ukiushika kwa kidole; ukiuachia, mvukuto unavuta hewa kwa ghafla na kuivuta filamu mbele. Kisha peleka filamu baada ya kufungua kamera, si kabla, ili inyooke tena. Na kidirisha chekundu kifunikwe kila wakati isipokuwa unaposoma namba, tena kivulini. Kilitengenezwa zama za filamu zisizoona nyekundu. Za leo zinaiona.

Mita ya kuhesabu ya Mamiya huzungusha spuli kwa kiasi kilichopangwa kwa filamu nene za wakati wake. Filamu za sasa ni nyembamba, mviringo unakua polepole, na fremu husogeleana hadi kugusana. Dawa: zungusha ukanda wa karatasi mara mbili kwenye spuli tupu kabla ya kupakia.

Kuosha: maji ya bomba ni nyuzi 28. Filamu ya HP5 Plus kwenye dawa ya ID-11 iliyochanganywa 1+1 na maji ni dakika 13 kwa nyuzi 20, na tumeshusha hadi 20 kwa beseni la barafu. Kuosha kwa 28 kungefupisha muda hadi karibu dakika sita, na chini ya tano madoa ya mtiririko huanza. Suuza ya mwisho nayo iwe karibu na nyuzi hizo hizo. Filamu laini ikitoka 20 na kuingia 28 inaweza kusinyaa uso.

Matokeo: Fujica, Pearl, Mamiya B na Chrome Six kali kona zote kwa f/3.5. Ila Chrome Six ina ulaini kidogo sana ukingo wa juu, alama ya ile 0.07 iliyobaki. Semi Minolta, ambayo lenzi yake ni f/4.5, iko kali katikati na kona zake zinakaza kufikia f/8; hiyo ni tabia ya lenzi, si ya mvukuto, kwa kuwa kona zote nne zinalingana. Kona zikitofautiana ni mwinamo. Zikilingana ni lenzi.

Mamiya A ikiwa na bamba la B: fremu ya mita 3 laini yote, tena zaidi upande wa kushoto. Bamba linakaza upande mmoja na kulegea mwingine. Kulisugua ili lifae A kungeliharibu kwa B.

Mei 24. Uamuzi na yaliyobaki

Mamiya A haitaunganishwa tena. Shata yake, kioo cha mbele na prizimu ya kipima umbali vimewekwa kwenye vibweta vilivyoandikwa, pamoja na skrubu zake kwenye kipande cha gundi karatasi kwa mpangilio zilivyotoka. Mwili umebaki mzima, na namba yake imeandikwa nje ya sanduku, ikitokea bamba lenye namba hiyo kuuzwa peke yake.

Chrome Six itarudiwa kalipa baada ya kufunguliwa na kufungwa mara 50, kuona kama mkono ulionyooshwa unabaki. Mvukuto wa Semi Minolta utamulikwa tena Julai, gundi ikishapitia miezi ya baridi. Silika ilibadilishwa leo, haigromita ndani ya sanduku inasoma 47.